Nililazimika au nililazimishwa?

*Maswali ya wasomaji kuhusu maneno yanayowatatiza, yakijibiwa na mama aliyekuwa karani na mfasiri wa mahakama.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Muheza. Mwenzetu mmoja alikopa shilingi laki nne kwa mkopeshaji wa mtaani, nje ya kikundi. Rejesho la tatu likamshinda. Wakaja vijana wawili wakabeba cherehani yake, ambayo wala hakuiweka dhamana, wakamwambia hataiona tena mpaka asaini karatasi ya kuwauzia kiwanja chake. Alikaa siku tisa bila kazi, ya kumi akasaini. Sasa tunataka kumsaidia. Katika maelezo yake ameandika kwa mkono wake: "Nililazimika kusaini." Kijana wa msaada wa kisheria ametuletea karatasi yenye neno la Kiingereza coercion, anasema kwa Kiswahili ni "shurutisho". Mimi kwenye muhtasari wa kikao niliandika "alishinikizwa". Mwenyekiti amelikata akaweka "alilazimishwa". Tumebishana mpaka chai ikapoa. Lipi sahihi? — *Katibu, Muheza*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na neno lililonishtua ni lile ambalo hukuliuliza. Nitafika kwenye shinikizo na shurutisho, lakini kwanza tulitazame hilo aliloliandika mwenzenu mwenyewe: *nililazimika*.

Mtoto mdogo akiangusha sahani, ukamuuliza, atakujibu "imevunjika". Hatasema "imevunjwa", maana ukisikia imevunjwa utauliza na nani. Bado hajaenda shule, ila tayari anajua kwamba kauli ya *-ika* humficha mtenda na kauli ya *-wa* humwacha mlango wazi. Ndivyo ilivyo kwa neno letu. "Nililazimika kulala Segera, basi liliharibika." Nani alikulazimisha? Hakuna, ni mambo yalivyokuwa. Mvua, njaa, ugonjwa, safari, vyote hivyo humfanya mtu *alazimike*. *Alazimishwe*, hapo pana mtu upande wa pili.

Mwenzenu ameandika sentensi ambayo wale vijana wawili hawamo. Cherehani haimo. Hakimu akiisoma peke yake ataona mwanamke aliyekuwa na shida ya fedha akauza kiwanja, kama wanavyouza watu wengi kila siku.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeshaliona likimgharimu mtu. Nilifanya kazi ya mahakama miaka 31, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kutafsiri majalada ya mahakama za mwanzo yaliyokatiwa rufaa. Huko chini ushahidi hutolewa na kuandikwa kwa Kiswahili. Huko juu, wakati ule, walisoma Kiingereza. Katika jalada moja palikuwa na mjane aliyesema, "Nililazimika kuwaachia shemeji zangu shamba." Nikatafsiri kama ilivyoandikwa, kwamba ilimbidi. Sikukosea neno hata moja. Rufaa yake ikatupwa.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta stendi ya Korogwe akiuza machungwa. Alinikumbuka, mimi sikumkumbuka. Tukazungumza, ndipo akanisimulia kwamba usiku ule shemeji yake mkubwa alikalia kigoda mlangoni pake, panga mapajani, na yeye yumo ndani na watoto watatu, mpaka kulipokucha akatia dole gumba. Nikamuuliza, mama, mbona hukulisema hilo mahakamani? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyesikia. "Nilisema. Nilisema nililazimika."

Kwake yeye neno lile lilibeba panga na mlango na watoto. Kwenye karatasi halikubeba kitu. Na hakuna aliyemuuliza maswali mawili tu: na nani, na kwa kitu gani?

Sasa maneno yenu matatu.

*Kulazimisha* ndilo pana kuliko yote na ndilo linaloeleweka na kila mtu kuanzia sokoni hadi mahakamani. Asili yake ni Kiarabu, kwenye maana ya kuambatana, kitu kilichogandana na kingine kisibanduke. Mwenyekiti wako hajakosea hata kidogo.

*Kushinikiza* ni kugandamiza kitu mpaka kitoe kilichomo, kama mbegu za ufuta zinavyokamuliwa mafuta. Ndiyo maana tunasema shinikizo la damu. Ni neno zuri, lakini kwa kesi hii ni jepesi, kwa sababu shinikizo laweza kuwa la halali kabisa. Wafanyakazi wakigoma kudai mishahara yao, wanamshinikiza mwajiri. Wananchi wakimwandikia mbunge barua mia moja kuhusu daraja, wanamshinikiza. Ukiandika "alishinikizwa", upande wa pili watajibu kwa urahisi: ndiyo, tulimkumbusha deni lake, kuna kosa gani?

*Kushurutisha* ndilo ninalolipenda hapa, na nitakwambia kwa nini. Ndani yake limo *sharti*. Anayekushurutisha hakushiki mkono akaupeleka kwenye karatasi kwa nguvu zake. Anakuwekea sharti: ukifanya hili, utapata lile, usipolifanya, litakupata hili. Halafu anakuacha uchague, huku njia zote amekwisha kuzifunga isipokuwa ile anayoitaka yeye. Hata hilo neno la Kiingereza mliloletewa limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufungia ndani, kuzuia. Nikilisikia naliona zizi lenye mlango mmoja.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wale vijana wangekamata kidole cha mwenzenu wakakipaka wino na kukibandika kwenye karatasi, hilo lisingekuwa shurutisho, maana yeye asingekuwa ametenda kitu. Kidole chake kingetumika kama mhuri. Yeye alikaa, akashika kalamu, akaandika jina lake. Mkono ulikuwa wake. Uamuzi haukuwa wake. Ndipo watu wengi wanapopotea na kusema, "Lakini si alisaini mwenyewe?" Ndiyo, alisaini mwenyewe. Shurutisho siku zote huacha sahihi halisi ya mtu halisi. (Wazee wa pwani wana neno jingine zuri, *kutenza nguvu*, ila hilo siku hizi vijana wengi hawalijui, usiliandike kwenye maelezo.)

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inalieleza jambo hili katika kifungu cha 15, na inanifurahisha kwamba haikuishia kwenye panga na vipigo. Inataja kutenda au kutishia kutenda jambo lililokatazwa na Kanuni ya Adhabu. Kisha inaongeza kushikilia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuishikilia, kwa nia ya kumfanya mtu aingie katika makubaliano. Soma tena hayo maneno ya mwisho, mwanangu, ukiwa na cherehani akilini. Kisha kifungu cha 19 kinasema mkataba uliopatikana hivyo waweza kubatilishwa kwa hiari ya yule ambaye ridhaa yake ilipatikana hivyo. Naipenda sana hiyo *hiari*: ndicho alichonyang'anywa, na ndicho sheria inachomrudishia mkononi. Sheria hii ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872.

Kwa hiyo ugomvi wenu uishie hapa: kichwa cha maelezo kiwe "shurutisho", kwa sababu ndilo wakili atakalolitafuta. Ndani ya maelezo mwenzenu aandike "walinilazimisha", kwa sababu ndilo atakalolitamka bila kugugumia akisimama mbele ya hakimu. Na lile "nililazimika" alifute. Aandike kwa mpangilio wa matukio, kwa maneno yake, mfano hivi:

*Tarehe fulani, saa fulani, watu wawili walikuja nyumbani kwangu. Walichukua cherehani yangu. Sikuwa nimeiweka dhamana. Waliniambia hawatairudisha mpaka nisaini karatasi ya kuuza kiwanja. Mimi nafanya kazi ya ushonaji na sina kazi nyingine. Nilikaa siku tisa bila kipato. Siku ya kumi nilisaini ili nirudishiwe cherehani. Kama wasingeishikilia nisingesaini. Waliokuwepo na kuona ni fulani na fulani.*

Unaona kwamba hata neno "walinilazimisha" halimo? Linaweza kuja mwisho, likiwa na miguu ya kusimamia. Sentensi ya kuiangalia kwa makini ni ile ya "kama wasingeishikilia nisingesaini", maana hiyo ndiyo inayofunga kamba kati ya tendo lao na sahihi yake. Kama si kweli asiiandike. Kama ni kweli, isikose.

Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, ingawa Kiingereza bado huruhusiwa panapokuwa na haja. Maana yake maneno ya mwenzenu hayatapita tena kwa mfasiri kama mimi. Yatasomwa yalivyo. Mimi ni mtu wa maneno, si wakili, kwa hiyo maelezo yakikamilika myapeleke kwa yule kijana wa msaada wa kisheria kabla ya kuyapeleka kokote, wala msichelewe.

SWALI: Mwalimu wetu, nafundisha Uraia kidato cha tatu, Morogoro. Katiba inasema hakutakuwa na kazi ya shuruti. Wanafunzi wangu wakaniuliza: mbona elimu ya msingi ni ya lazima, kodi ni ya lazima, na Jumamosi tunapigiwa kengele kwenda kuchimba mtaro wa kijiji? Nikajibu kwamba lazima na shuruti ni vitu viwili, lakini niliporudi nyumbani nikafungua kamusi nikakuta vinaelezwa kwa maneno yaleyale. Nimewadanganya watoto? — *Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Hukuwadanganya, mwalimu. Kamusi inatoa maana. Matumizi ndiyo yaliyoyatenganisha. Tunasema "elimu ya lazima" na hakuna anayesema "elimu ya shuruti", isipokuwa anayelalamika. *Lazima* husimama peke yake bila kumtaja mwenye fimbo. *Shuruti* lina fimbo ndani.

Ibara ya 25 ya Katiba, unayoisema, imetumia neno hilo kwa makusudi. Ukitaka kipimo cha kuwapa wanafunzi, kipo kwenye Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930: kazi ya shuruti ni ile ambayo mtu anatakiwa kuifanya kwa tishio la adhabu, na ambayo hakujitolea kwa hiari yake. Mambo yote mawili. Mkataba huohuo umeweka kando majukumu ya kawaida ya uraia, na pia kazi ndogondogo za kijiji kwa faida ya kijiji chenyewe, mradi wanakijiji au wawakilishi wao wameulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Huo ndio msaragambo wetu. Kwa hiyo swali la kuwauliza wanafunzi kuhusu mtaro ni hili: mkutano uliitishwa? Kama ndiyo, wachimbe. Kama kengele imepigwa tu na mtendaji akasimama na daftari la faini, hapo wana haki ya kuuliza.

Lakini ningependa uwapeleke mbali zaidi ya kipimo hicho, kwa sababu shurutisho lililo kubwa kuliko yote katika historia yetu halikuwa na kamba wala bunduki mbele ya mtu. Palikuwa na shuruti ya wazi, ndiyo. Watu wa Matumbi walipong'oa pamba kule Nandete, Julai 1905, walikuwa wanakataa kulimishwa kwa amri ya Wajerumani, na vita vya Maji Maji vikaanzia hapo. Hiyo kila mwanafunzi anaijua. Ninayotaka waijue ni ile ya baba yangu.

Baba alitoka Songea mwaka 1951 akaja mashamba ya mkonge ya Tanga. Alikuja kwa Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikizunguka mikoani kuandikisha vibarua tangu mwaka 1944. Alipewa namba, akawa *manamba*, jina walilobandikwa watu wote wa namna yake na ambalo watoto wa mjini walitutupia sisi kama tusi. Alipewa kipande cha siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza kipimo chako cha mkonge haikuhesabiwa. Nilizaliwa kambini, kwenye chumba kimoja cha mabati.

Baba hakuwahi kusema alilazimishwa. Kila nilipomuuliza alijibu, "Nilikwenda mwenyewe." Na ni kweli, hakuna aliyemfunga. Ila kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu, na kijijini kwao hakukuwa na namna ya kuipata fedha hiyo. Asiyelipa alikamatwa. Na siku chache kabla ya wakati wa kodi, lori la Silabu lilikuwa limeegeshwa kwa jumbe. Mpe mwanafunzi maelezo hayo, mwalimu, umuulize: huyu mzee alikwenda kwa hiari?

Mimi nimefikiri miaka mingi nikaamua. Alishurutishwa. Waliomfungia njia walikuwa wawili, mmoja akiwa na daftari la kodi na mwingine akiwa na lori, na kila mmoja angeweza kuapa kwamba hakumgusa. Ndiyo maana nasema neno hili linataka tumtazame aliyebaki na njia moja, tuulize zile nyingine nani alizifunga. Wanafunzi wako wanaweza wasikubaliane nami. Waache wabishane, somo litakuwa limeingia.

Wingi wake, kwa kuwa ulikuwa umeuliza pembeni ya barua, ni *mashurutisho*: shurutisho hili, mashurutisho haya. Tendo lenyewe likiwa tabia au mfumo, *ushurutishaji*.

SWALI: Shikamoo bibi. Nina miaka 22, naishi Lushoto. Wazazi wamepokea mahari ya mtu nisiyemtaka. Baba hajanipiga wala kunifungia. Amesema tu kwamba nikikataa nisimwite baba tena, na radhi zake nisizitarajie. Mama analia. Washenga wamepanga siku. Je, naruhusiwa kusema kwamba ninalazimishwa, au ni mimi ninayekuza mambo? — *Jina limehifadhiwa*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hukuzi mambo. Mtu aliyewekewa radhi za mzazi upande mmoja na ndoa upande wa pili amewekewa sharti zito kuliko cherehani. Kwa Kiswahili changu, unalazimishwa, na una haki ya kulitumia neno hilo bila kuomba samahani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inasema ndoa haifungwi ila kwa ridhaa ya kila mmoja, iliyotolewa kwa hiari, na ridhaa iliyopatikana kwa kulazimishwa au kwa ulaghai haihesabiwi kuwa ya hiari. Kama tishio la baba yako linafika kwenye kipimo hicho, hilo angeliamua hakimu baada ya ndoa, na mimi nataka tusifike huko. Nataka tulimalize kabla.

Watakapokuuliza, na watakuuliza, kuna maneno ya kuepuka. Usiseme "sijui". Usiseme "bado". Usinyamaze na kuinama, kwa maana kwetu binti akinyamaza watu hupiga vigelegele. Usiseme "mnavyoona nyinyi", hata kama umefundishwa kwamba ndiyo adabu. Neno lako ni moja: *sijaridhia*. Halina matusi, halimvunjii baba heshima, na halina tafsiri ya pili. Mtamkie shangazi yako kwanza, yule baba anayemsikiliza, na umwombe aende naye pembeni wanaume wengine wasiwepo. Kisha mtamkie atakayeifungisha ndoa, awe shehe, padri, mchungaji au msajili, kabla ya siku yenyewe, na uwe na mtu mmoja atakayesikia ukilitamka.

Nenda kwa shangazi wiki hii, mahari ikiwa bado haijagawanywa kwa wajomba.